Sala ya Mtu Aliye Kazini

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi wa sasa



Nilipopata barua ya Kamati ikinitaka nizungumze juu ya sala, nilicheka peke yangu ofisini. Wale niliolala nao bweni moja wanajua kwamba katika ibada za jioni mimi nilikuwa bingwa wa kusinzia nikiwa nimesimama. Tena wachungaji na mapadre waliotoka katika shule hii tunao, na wengine nawaona hapa mstari wa mbele. Nilimwuliza Katibu kwa nini wasiitwe wao. Akanijibu kuwa wachungaji huomba kwa sababu ndiyo kazi yao, na safari hii Kamati ingependa kumsikia mtu anayeomba huku kazi yake ni nyingine. Sidhani kama jibu hilo ni la haki kwa wachungaji, lakini nilishindwa kulikataa.

Mimi ni mtumishi wa serikali tangu mwaka 2005, nilipomaliza masomo yangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi yangu ni majalada, vikao, safari za kukagua miradi, na vikao vingine vya kuzungumzia safari hizo. Sina maono ya kuwasimulia. Nina habari ya mzee mmoja, ya sahihi mbili, na ya mtu mmoja katika Biblia ambaye kwa cheo alikuwa mtumishi kama mimi.

Mzee huyo alikuwa mlinzi wa usiku wa shule hii. Wenzangu wa miaka ile ya tisini wanamkumbuka kwa koti lake la jeshi na tochi yake isiyokuwa na betri. Nilipokuwa kidato cha tatu nilitoroka usiku mmoja kwenda ngomani kule kijijini, na nikarudi yapata saa kumi na moja alfajiri. Nilipita nyuma ya jiko, mahali ambapo kila mtoro alijua pana upenyo katika ua. Hapo nikamkuta mzee amepiga magoti juu ya lile jiwe la kunolea mapanga, anaomba kwa sauti ya chini. Sikuthubutu kwenda mbele wala kurudi nyuma, hivyo nikalala kifudifudi majanini nikimsikiliza.

Alikuwa akiomba kwa bweni. Alianza na bweni la kwanza, akamtaja mvulana aliyelazwa zahanati, akamtaja mwingine aliyefiwa na baba yake, akaenda bweni la pili, na la tatu. Alipofika bweni letu alimwomba Mungu amrudishe salama yule aliye nje, maana njia ya mtoni ilikuwa na chui siku hizo. Mimi nilikuwa nimelala hatua kumi kutoka kwake. Kisha akasema amina, akainuka, akajikung'uta magoti, na bila kugeuka akaniambia nikalale.

Vijana, msidhani habari iliishia hapo kwa uzuri. Asubuhi ile mzee aliandika jina langu katika daftari la zamu kama alivyotakiwa, nami nikafyeka uwanja wa mpira wiki mbili. Kwa miaka mingi nilimwona kuwa mtu wa ajabu: vipi uniombee usiku na unishitaki asubuhi? Nilikuja kumwelewa nikiwa mtu mzima, baada ya kuharibu.

Sasa nieleze nilivyoharibu. Mwaka 2008 nilikuwa kijana katika ofisi moja ya wilaya ambayo sitaitaja. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya kukagua majengo kabla ya mkandarasi kulipwa. Siku moja jioni nililetewa cheti cha kuthibitisha kwamba nyumba ya mwalimu imekamilika. Sikuwa nimefika huko. Ilikuwa mbali, gari halikuwa na mafuta, wenzangu wawili walikwisha weka sahihi, na mkubwa wangu alikuwa akitazama saa. Nikasaini. Haikunichukua hata nusu dakika.

Usiku ule niliomba, tena kwa muda mrefu kuliko nilivyopata kuomba maishani. Na niliomba nini? Niliomba isijulikane. Nilimwomba Mungu awe mlinzi wa uongo wangu. Mvua za kwanza zilipokuja bati ziliezuliwa, mwalimu na watoto wake wakahamia darasani. Hakuna aliyeumia, na kwa hakika hakuna aliyeniuliza. Lakini tangu siku ile kila nilipoitwa na mkubwa tumbo lilinikata, na kila jalada lenye jina la kijiji kile lilipopita mezani pangu niliona kama lina macho. Niliendelea kwenda kanisani, nikaimba katika kwaya. Furaha ndiyo iliyotoweka, na sala zangu zikawa kama simu ya mtu anayezungumza haraka akiogopa kuulizwa swali.

Katika hali hiyo ndipo niliposoma kitabu cha Nehemia kama mtu mzima. Shuleni tulikisoma kwa ajili ya mtihani, tukakariri majina ya malango. Safari hii nilimwona mtu wa ofisi. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa Artashasta, mfalme wa Uajemi, katika jumba la Shushani, yapata miaka 445 kabla ya Kristo. Habari za kubomoka kwa ukuta wa Yerusalemu zilimfikia katika mwezi wa Kisleu. Alilia, akafunga, akaomba. Lakini kazi hakuiacha. Aliendelea kumpelekea mfalme divai yake hadi mwezi wa Nisani, yaani karibu miezi minne, ndipo siku moja mfalme akamwuliza mbona uso wake umekunjamana naye si mgonjwa.

Hapo naomba mnisikilize vizuri. Nehemia mwenyewe anakiri kwamba aliogopa sana. Kununa mbele ya mfalme wa Uajemi halikuwa jambo dogo. Mfalme akamwuliza anataka nini. Naye, kati ya swali la mfalme na jibu lake, aliomba. Maneno ya sala hiyo hayakuandikwa. Haikuwezekana iwe ndefu, maana mfalme hangojeshwi. Labda ilikuwa ni kuvuta pumzi tu. Kisha akajibu, na jibu lake ni la mtu aliyekwisha fanya hesabu: alitaja muda atakaokuwa safarini, akaomba barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto ili wampe njia, akaomba na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe miti ya kujengea. Sisi watu wa masjala tunamfahamu mtu wa namna hiyo. Aliingia na ombi lake likiwa kamili, hata kibali cha mbao hakukisahau.

Mimi nilizoea kuhesabu sala ile fupi kuwa muujiza. Siku hizi naiona kuwa ilikuwa ncha ya mkuki, na miezi minne ya nyuma ndiyo mpini wake. Mtu ambaye hajaomba nyumbani kwake asubuhi hawezi ghafla kuomba kwa nusu dakika mbele ya mkubwa wake. Atatafuta maneno, na atakayoyapata ni yale ya woga, kama niliyoyapata mimi.

Tena kuna hili linalofurahisha. Maadui walipotishia kuwashambulia wajenzi, Nehemia anaandika kwamba walimwomba Mungu na wakaweka walinzi mchana na usiku. Niliposoma hapo nikamkumbuka mzee wetu na daftari lake la zamu. Kuniombea na kuniandika kulikuwa kazi moja. Angeniombea asiniandike, angekuwa ameniombea kama nilivyojiombea mimi mwaka 2008.

Basi nikaanza kuamka saa kumi na moja alfajiri. Msinidhanie mtu wa roho. Mwaka wa kwanza mara nyingi niliamka nikalala tena juu ya Biblia. Walionisaidia, nasema kweli, ni ndugu zetu Waislamu. Hapa bwenini tulikuwa nao, na mmoja wao alilala kitanda cha juu yangu. Baridi ya Juni haikupata kumzuia kuteremka alfajiri kwenda kutawadha. Sikuwahi kumsikia akisema kama leo anajisikia au hajisikii. Saa ilifika, akateremka. Sisi Wakristo tunapenda sana kungoja mioyo ichemke ndipo tuombe, na moyo una siku zake. Kuna wiki nzima haupati hata moto wa kuchemshia chai.

Nilinunua daftari la kawaida la shule. Ndani yake niliandika majina, na kwa kuwa majina niliyokuwa nayo kila siku ni ya watu wa kazini, niliandika hao. Nikamwandika mjane anayefuatilia mirathi, mstaafu asiyelipwa kwa sababu jina lake lina herufi moja isiyolingana katika barua mbili, mhudumu wetu wa ofisi, na mkubwa wangu vilevile, ingawa kwa muda wa mwezi mzima nilimtaja haraka nikapita. Nikagundua jambo ambalo hakuna kozi ya utumishi iliyonifundisha: ukilitaja jina la mtu mbele ya Mungu alfajiri, ni vigumu kuliacha jalada lake wiki tatu chini ya mengine. Saa nne yule mjane akija dirishani, wewe ulikwisha kuwa naye tangu kumi na moja. Huwezi kumwambia njoo kesho kwa sauti ileile ya zamani. Baadhi ya wenzangu walisema nimeanza kampeni ya ubunge.

Mwaka 2016, katika kituo kingine, lilirudi lile la mwanzo. Safari hii yalikuwa madarasa mawili. Nilikuwa nimefika kwenye eneo lenyewe siku tatu kabla, nikaona kuta hazijafika kwenye linta. Niliitwa chumbani, nikakuta watu watatu wameketi, mmoja wao mgeni nisiyemfahamu, na cheti kipo mezani kikiwa na kalamu juu yake. Mwaka wa fedha ulikuwa unakwisha. Nikaambiwa fedha zisipotumika zitarudi, nani atalaumiwa? Nikaambiwa kazi itamaliziwa baadaye, kuna ubaya gani?

Ndugu zangu, niliogopa. Nawaambia vijana hili kwa sababu niliposoma shuleni habari za mashujaa wa imani nilidhani walikuwa hawaogopi, na kwa kuwa mimi naogopa basi sikuwa wa ukoo wao. Magoti yalinitetemeka hadi nikashukuru kwamba nimekaa. Watoto wangu wawili walikuwa shule ya bweni, nyumba niliyokaa ilikuwa ya serikali. Nikaomba. Sikusema neno lolote. Ndani yangu nililitaja jina la Bwana mara moja, kama mtu anayeshika ukuta gizani. Nikasikia sauti yangu, nyembamba kuliko ilivyo kawaida, ikisema kwamba madarasa yale nimeyaona na hayajakamilika, kwa hiyo siwezi kuweka sahihi. Nikaongeza kwamba niko tayari kuandika taarifa ya hali ilivyo siku hiyohiyo ili fedha ziombewe kibali cha kuendelea. Hilo la taarifa nilikuwa nimeliandaa. Asafu na miti yake walikuwa wamenifundisha.

Hofu haikuondoka. Ilitoka pamoja nami mlangoni, ikanifuata nyumbani, ikalala nami. Nilichopewa ni ujasiri wa sentensi mbili tu, nazo ndizo zilizohitajika saa ile.

Nikisimulia habari hii, watu hupenda kuuliza iliishaje. Wanangoja niseme kwamba wale watatu walikamatwa na mimi nikapandishwa cheo. Haikuwa hivyo. Miezi miwili baadaye nilipata barua ya uhamisho kwenda wilaya ya mbali ambako sikujua mtu. Mke wangu ni mwalimu, uhamisho wake ulichukua mwaka mmoja na nusu. Kuna usiku niliomba kwa hasira. Nilimwambia Mungu waziwazi kwamba hesabu zake sizielewi.

Wala sisi si wa kwanza kuuliza hivyo. Mwezi Februari 1977, Maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji yaliyokuwa yakitendeka. Tarehe 16 mwezi huohuo, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, na serikali ikatangaza kuwa ilikuwa ajali ya gari. Luwum alikuwa mtu wa sala, aliyeokoka katika ule uamsho ulioenea Afrika Mashariki kutoka Rwanda na Uganda tangu miaka ya thelathini. Sala haikumwokoa na risasi. Mtu akiwaambia ninyi vijana kwamba mkiomba mtaepushwa na gharama, mwulizeni habari za Luwum. Leo Waganda wanaiadhimisha tarehe 16 Februari kuwa siku ya mapumziko ya taifa. Lakini asubuhi ile ya 1977 yeye hakujua hilo, na mjane wake hakujua. Nikiyapima yangu na yale, uhamisho ni mwiba mguuni, na najua hivyo.

Hata hivyo niseme lililonitokea katika kituo kile kipya, kwa maana ndilo lililonifanya nikubali kuja kusimama hapa. Nilikuwa nimepanga chumba na ukumbi, nikijipikia mwenyewe, vibaya. Siku moja yapata mwezi wa nne tangu nihamie, nilikuwa nakwenda ofisini kwa miguu, mvua ya usiku imeacha madimbwi, na wanafunzi wa shule ya msingi wananipita wakikimbia na viatu mikononi. Nikajisikia ninaimba. Ulikuwa wimbo wa kwaya yetu ya hapa shuleni, na nilikuwa nauimba kwa sauti, mtu mzima mwenye mkoba! Nikasimama nikajiuliza nina nini leo. Mshahara haukuwa umeongezeka, mke wangu alikuwa bado hajahamishwa, na barua yangu ya malalamiko ilikuwa haijajibiwa (haijajibiwa hata leo). Nikatafuta sababu, nikaipata: katika ofisi niliyotoka na hii ninayokwenda, hapakuwa na jalada hata moja ninaloliogopa tena. Mwaka 2008 nilikuwa nimekwisha utubu, na kabla sijahama nilimwendea yule mwalimu wa nyumba iliyoezuliwa, nikamweleza. Alinitazama muda mrefu, kisha akanikaribisha chai. Naweza kuitwa na mkubwa yeyote, saa yoyote, nikaenda nikiwa nimeshiba.

Hiyo ndiyo furaha ninayoifahamu. Sikuipata chumbani nilipokuwa naomba. Ilinikuta njiani, miezi mingi baadaye, nikiwa siitafuti. Katika kitabu kilekile cha Nehemia watu waliposikia Sheria ikisomwa walilia kwa kujiona walivyokosa, nao wakaambiwa wasilie, waende wale vinono na wanywe vitamu, na wawapelekee sehemu wale wasio na kitu. Nampenda mtu aliyefikiria kuhusu wale wasioandaliwa kitu. Na Nehemia mwenyewe, miaka 12 aliyokuwa liwali, hakula posho ya uliwali, maana watu walikuwa wamelemewa na mzigo. Tungekuwa na wakubwa wa namna hiyo watatu kila mkoa, vikao vyetu vingekuwa vifupi.

Walioishi karibu na wakati wetu wapo pia. Dag Hammarskjöld, Mswidi, alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa tangu 1953 hadi ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, tarehe 18 Septemba 1961, alipokuwa akienda kutafuta usuluhishi wa vita vya Katanga. Baada ya kifo chake, nyumbani kwake New York palikutwa maandishi ya miaka mingi, sala na mafikara ya mtu na Mungu wake, ambayo wengi waliofanya kazi naye hawakujua kama yapo. Yalichapishwa kitabu mwaka 1963. Hata hivyo jambo moja walikuwa wameliona: katika makao makuu yale alisimamia kutengenezwa kwa chumba cha kimya, kilichofunguliwa mwaka 1957, kisicho na alama ya dini yoyote, katikati kikiwa na jiwe kubwa la madini ya chuma. Mtu mwenye dunia nzima mezani aliona kwamba jengo la ofisi linahitaji mahali pa kunyamaza. Ofisi zetu nyingi hazina hata mahali pa kuweka miavuli. Mimi chumba changu cha kimya ni kiti cha nyuma cha daladala, na dakika ile ninayokaa na jalada likiwa bado limefungwa, mkono juu yake, kabla sijalifungua. Katibu muhtasari wangu alidhani mwanzoni kwamba naumwa kichwa.

Ndugu Mwenyekiti, naona wapishi wanachungulia mlangoni, nami nakumbuka vizuri njaa ya vijana wa saa saba. Leo asubuhi nilikwenda nyuma ya jiko. Ghala limevunjwa na upenyo wa watoro umezibwa kwa matofali, jambo ambalo wenzangu wengine watalisikia kwa huzuni. Mzee wetu alifariki siku nyingi. Jiwe lake bado lipo, na wapishi bado wananolea mapanga juu yake. Nimepewa kitanda hapa shuleni hadi kesho, na kiranja wa zamu nimekwisha mwomba ruhusa ya kupita. Kesho saa kumi na moja alfajiri nitakuwa pale. Nitayataja mabweni moja moja, kwa majina mliyoyabandika milangoni. Anayependa aje na sweta, na anayependa usingizi alale kwa amani. Na atakayekutwa nje bila ruhusa, daftari la zamu liko palepale.